Ulauncher ilikuwa haiitiki Ctrl+Space kwenye Ubuntu (Linux), nilivyoimaliza

Wadau, kama Ulauncher yako (ile programu ya kufungulia programu nyingine kwa kuandika jina tu) ukibonyeza Ctrl+Space mara inakuja mara kimya, usihangaike kuifuta na kuiweka upya. Mchawi ni Wayland (mfumo unaosimamia madirisha kwenye skrini), yenyewe hairuhusu programu kusikiliza kibodi wakati dirisha la programu nyingine ndo liko mbele, kiusalama walioitengeneza wako sahihi kabisa ila kwa sisi tusiopenda mausi ni kero tupu. Nilichofanya nikaingia Settings, Keyboard, nikashuka mpaka Custom Shortcuts, nikaongeza mpya, kwenye komandi nikaandika ulauncher-toggle nikaipa Ctrl+Space. Halafu humo ndani ya Ulauncher ile hotkey (vitufe vya kuiita) ya zamani nikaibadilisha iwe vitufe ambavyo sivigusi kamwe, zisije zikagongana. Sasa hivi naandika "fire" tu, Firefox hiyo, hata nikiwa kwenye terminali (dirisha la kuandikia komandi).