Punda Ambaye Luka Hakumwandika

Bibi yule alikuwa mzee wa kanisa, na jambo likimkera hakulifungia moyoni. Filamu ilikuwa haijafika hata nusu alipotokea mlangoni, mkoba kwapani, akamkuta punda anabishana na njiwa kwenye shuka jeupe tulilotundika ukutani. Akaniita nje.

"Mwalimu, Mkombozi anakaribia kuzaliwa, na anayepewa maneno ni punda?"

Nilimwamkia, nikamsihi aingie atazame mpaka mwisho ndipo anihukumu. Akaingia. Akachagua kiti cha nyuma kabisa, akaupakata mkoba wake, akanyamaza kimya cha mtu anayehesabu makosa.

Yalikuwa yamebaki majuma machache Krismasi ifike, na watoto wangu wa shule ya Jumapili walikuwa wanakariri igizo kama mtu anavyokariri namba ya simu. Malaika anatokea, wachungaji wanaogopa, mamajusi watatu wanaingia na maboksi yao, basi. Hadithi walishaizoea mno hata hawaisikii tena, na hilo lilikuwa linaniuma. Ndipo nikawaletea The Star, filamu ya katuni iliyotoka mwaka 2017, mwongozaji wake Timothy Reckart, inayosimulia kuzaliwa kwa Yesu kwa macho ya wanyama. Inaanza kwa maandishi yanayosema tuko Nazareti, miezi 9 kabla ya Kristo. Wakubwa walilielewa hilo mara moja wakaangua kicheko. Wadogo wakacheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo nilikaa pembeni ya spika nikawa natafsiri papo hapo, punda, njiwa, Herode na wote.

Punda mwenyewe anaitwa Bo. Tunamkuta amefungwa kwenye jiwe la kusagia nafaka pamoja na punda mzee, wanazunguka kutwa mahali pale pale, naye moyoni anaota kuingia kwenye msafara wa kifalme abebe watu wakubwa. Mvulana mmoja aliyekaa sakafuni mbele yangu alikuwa anachora duara kwa kidole, polepole, akienda na hatua za Bo. Punda alipofanikiwa kutoroka, kile kidole nacho kikachomoka kwenye duara, kikakimbia sakafuni mpaka kwenye mguu wa kiti changu. Nilisahau kutafsiri sentensi mbili tatu. Hakuna aliyelalamika.

Bo anaangukia nyumbani kwa Mariamu akiwa ameumia mguu, na Mariamu anamtunza. Kuanzia hapo anajikuta njiani kuelekea Bethlehemu, yeye na rafiki yake njiwa, na kondoo mmoja aliyeacha kundi lake akiifuata nyota. Nyuma yao kuna askari wa Herode na mbwa wake wawili wanaonusa kila walipopita. Sehemu ya ngamia wa mamajusi niliona imerefushwa kupita kiasi, ingawa mmoja wao ametiwa sauti na Oprah Winfrey. Lakini kule Bethlehemu kuna ng'ombe, mbuzi na farasi ambao hawajapata usingizi kwa miezi, maana nyota inawamulika zizini usiku kucha, na hilo naliona ni wazo zuri kuliko yote katika filamu nzima: kwamba kuna waliokuwa wanasumbuliwa na nuru ile kabla hata ya kujua ni ya nini.

Wale mbwa watoto waliwachukia kweli kweli. Kila walipotokea, chumba kizima kilizomea. Halafu inafika saa mbwa hao wananing'inia kwenye genge, na anayewaokoa ni Bo, yule yule waliyekuwa wanamwinda. Baadaye mtoto anapozaliwa, nao wapo pale zizini. Nyuma yangu nikasikia sauti ndogo ikiuliza, "Hata wao?" Mwingine akamjibu, "Si umeona, wamefunguliwa."

Taa zilipowashwa, Bibi alishafika mbele. Hakunisemesha mimi. Aliwageukia watoto.

"Nani atanionyesha huyo punda katika Luka?"

Biblia zikafunguliwa. Sijawahi kuona kurasa zikigeuzwa kwa haraka namna ile. Walisoma sura ya 2 kwa kupokezana, wakaanza tena, wakagawana mistari kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Yusufu yupo, Mariamu mjamzito yupo, hori ya kulia ng'ombe ipo, wachungaji wapo. Punda hayupo. Hata mwenye nyumba ya wageni, ambaye kwenye igizo letu alikuwa na mistari mingi ya kuwafukuza, hayupo. Imeandikwa tu kwamba hawakupata nafasi.

"Haya, Mathayo," Bibi akasema, na hapo mamajusi wetu watatu wakaingia matatani. Mathayo hataji idadi. Anasema mamajusi wa mashariki, na anasema waliingia nyumbani wakamwona mtoto pamoja na mama yake. Hakuna zizi hapo. Mmoja wa wale wavulana watatu aliniuliza kwa wasiwasi mkubwa kama ina maana yeye atatolewa kwenye igizo.

Bibi alikuwa ameshinda, na nadhani alikuwa anajiandaa kuaga, ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono. Mama yake alikuwa na ujauzito mkubwa, sote tulikuwa tunajua.

"Bibi, kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu ni mbali?"

Nikajibu mimi: zaidi ya kilomita 100, tena za milima.

"Basi Mariamu alipanda kitu. Mama yangu hata kuja hapa tu amekaa chini njiani mara nyingi. Luka alisahau."

Bibi alimtazama kwa muda. Hakumwambia kwamba Luka hakusahau. Alisema, "Huenda hakuulizwa," na akavuta kiti akakaa, safari hii mbele.

Niliona ndiyo nafasi ya kuwaeleza punda huyo katokea wapi. Nikawaambia kwamba hakutungwa na watu wa katuni. Katika karne ya 2 kuna maandishi yaitwayo Injili ya Yakobo, hayamo katika Biblia, na humo Yusufu anatandika punda na kumpandisha Mariamu. Tena nabii Isaya, katika sura yake ya 1, anamtaja ng'ombe na punda wanaomjua bwana wao wakati watu hawamjui. Wakristo wa zamani walipolisoma neno hilo wakawaona wanyama hao wawili wamesimama horini. Na mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, mtawa Fransisko wa Asizi aliomba waletwe ng'ombe na punda walio hai kwenye ibada ya Krismasi, watu waone kwa macho yao umaskini ambamo mtoto yule alizaliwa. Punda ametembea na hadithi hii miaka mingi sana. Waliomweka humo walikuwa wanamfikiria mama mjamzito na barabara ndefu, kama alivyofikiria yule msichana.

Bibi akaniambia tusiishie hapo. Filamu inaishia horini, wote wamekusanyika kwa furaha, na kwa filamu ya watoto wadogo mimi bado naamini ni mahali pazuri pa kuishia. Yeye alitaka tusome Mathayo mpaka mwisho wa sura, pamoja na mstari wa 16. Nilisita. Mle chumbani kulikuwa na watoto wa miaka mitano. Akaichukua Biblia akasoma mwenyewe, taratibu, bila kukaza sauti: Yusufu anaonywa katika ndoto, wanaondoka usiku kwenda Misri, na Herode anatuma watu kuwaua watoto wanaume wa Bethlehemu, wenye miaka miwili na waliopungua.

Hakuna aliyelia. Nilikuwa nimeogopa kilio, badala yake wakaanza kuunganisha mambo. "Ni yule askari mwenye mbwa?" aliuliza mmoja. Yule mvulana wa duara akasema, bila kuangalia mtu, kwamba mbwa hawakuwepo tena, walikuwa wameshafunguliwa, kwa hiyo askari hakuwa na wa kumnusia njia ya Misri. Na msichana wetu akamalizia kwamba punda alikuwa hajafunguliwa mizigo. Aliwabeba usiku ule ule. Walikuwa wanazungumza juu ya Herode, jambo ambalo mimi mwalimu wao nilikuwa naliruka kila mwaka, na walikuwa na mahali pa kulishikia, kwa sababu filamu ilikuwa imewapa punda wa kupanda nao.

Igizo likabadilika. Mwenye nyumba ya wageni alibaki na mstari mmoja. Kwa kuwa idadi ya mamajusi haikutajwa, kila aliyekosa nafasi aliingizwa humo, wakawa umati mzuri, wakaletwa mwishoni kabisa, kwenye nyumba, baada ya hori kuondolewa. Mstari wa 16 tulikubaliana ausome Bibi. Punda walimgombania mpaka tukapanga zamu, mmoja wa kwenda Bethlehemu na mwingine wa kwenda Misri.

Kwenye mazoezi ya mwisho Bibi alikaa mstari wa mbele, miwani puani, karatasi ya wahusika mkononi, akiweka alama kwa kalamu kila mtoto alipopita. Alipofika chini ya karatasi akainua kichwa.

"Herode nimemwona. Askari nimemwona. Wale mbwa mmewaweka wapi?"

Wavulana wawili walikuwa wameshanyoosha mikono kabla hajamaliza kuuliza.