Huruma ya sirinji

Alhamisi, saa tano usiku

Leo chujio la mchele limerudi jikoni. Mke wangu amelisugua kwa sabuni mara mbili, akalimwagia maji ya moto, akalinusa, akalisugua tena, kisha akalitundika kwenye msumari wake. Hakusema neno, ila kuna namna ya kutundika kitu ambayo inasema yote. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita chujio hilo lilikuwa likielea ndani ya tangi langu la samaki, limebanwa ukingoni kwa vibanio vya nguo, na ndani yake mlikuwa na mfungwa mmoja mwenye mkia uliochanika.

Nina samaki wawili wa aina ya klauni (clownfish), hilo marafiki wanalijua. Si wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu ambao kila mtoto anawajua kwa picha. Hao hawapatikani kwetu. Wangu ni wa pwani hii hii, Amphiprion allardi, ambao makazi yao yanaanzia Kenya na kuteremka hadi Durban. Mwili kahawia unaokaribia weusi, mapezi ya manjano, mikanda miwili myeupe, mkia mweupe kama umechovywa kwenye chokaa. Niliwapata wakiwa wadogo, miaka miwili iliyopita, kwa mzee mmoja mzamiaji wa huku Mtwapa. Anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri ambaye klauni hukaa ndani yake, sina. Nilikuwa naye mmoja mwaka wa kwanza nikamuua kwa ujuaji wangu, na sikutaka kurudia dhambi hiyo. Badala yake niliwawekea nusu ya chungu cha udongo kilichopasuka siku ya Idi, wakakipenda kuliko nilivyotarajia. Mkubwa ndiye Bi Mkubwa. Wa pili tunamwita Bwana Mdogo.

Majina hayo si utani mtupu. Klauni wote huanza maisha wakiwa madume. Aliye mkubwa kupita wenzake ndiye anayegeuka jike, anayemfuatia kwa ukubwa ndiye mume, na wengine walio chini yao hawazai, wanasubiri foleni. Jike akifa, mume anapanda cheo, anageuka yeye kuwa jike, na wa tatu anasogea kuwa mume. Ukishapanda hushuki; jike harudi kuwa dume. Kwa hiyo wakiwa wawili, kiti cha juu ni kimoja, na wote wawili wanajua nani amekikalia.

Ilikuwa Jumapili baada ya magharibi. Nimekaa na chai ya rangi mbele ya kioo, wao wako mbele ya chungu chao, mambo ya kila siku. Bi Mkubwa akatoka, akamjia mwenzake ubavuni. Hilo halikunishtua, kwa sababu nimeliona mara mia. Kwa kawaida Bwana Mdogo akitishwa hivyo huinama ubavu, kichwa akakielekeza juu, halafu anatetemeka mwili mzima kama mtu aliyeshikwa na baridi ya malaria. Ndiyo shikamoo yake. Bi Mkubwa akishaipokea hugeuka akaenda zake, na nyumba inatulia.

Siku hiyo shikamoo haikutolewa. Aliumwa chini ya pezi la kifua, akageuka, naye akauma.

Kisha nikasikia sauti. Asiyefuga klauni atadhani natia chumvi, lakini hawa samaki wanagonga: tk, tk, tk, kama mtu anayegonga kucha kwenye gilasi kutoka ndani. Mwaka 2007 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba klauni hutoa mlio huo kwa kufumba taya kwa kasi mpaka meno yakagongana. Mimi nilikuwa nimezoea kuusikia mara moja au mbili tu. Jumapili ile uligonga mfululizo mpaka binti yangu akaja kuuliza ni pampu gani imeharibika.

Nikakimbilia maji, kama tunavyofanya wote. Samaki akikohoa, sisi tunapima maji. Chumvi 1.025, joto nyuzi 26, amonia hakuna. Maji yenyewe nayateka kwa jerikeni siku za bamvua, bahari ikiwa imejaa, nayachuja kwa kitambaa, sina shaka nayo. Nikajiambia basi watakuwa wanataka kutaga. Wakikaribia kutaga hukisugua chungu kwa midomo, wanakuwa wakali, hata mkono wangu unaumwa. Nikatazama chungu kwa tochi ya simu. Mwani wa kijani umekaa pale pale, hakuna aliyesugua kitu. Nikalala na mawazo yangu.

Jumatatu alfajiri nikamkuta Bwana Mdogo pembeni kabisa, juu, nyuma ya bomba la pampu, mahali ambapo maji yanasukuma na hakuna samaki mwenye akili anayepumzika. Mkia umechanika kama leso iliyonaswa na msumari, magamba mawili matatu hayapo, matamvua yanahema mbio mbio. Bi Mkubwa alikuwa ameegemea mlango wa chungu kama mama mwenye nyumba anayesubiri kodi.

Ndipo nikachukua chujio.

"Na pilau ya kesho nichujie mchele wapi?" mke wangu akauliza. "Kwenye kofia yako?"

Nikamwahidi chujio jipya. Bado sijalinunua, na yeye hajasahau.

Kosa langu la kwanza katika mambo haya nililifanya Jumatano. Nilimwona ametulia, anakula, mkia umeacha kuchanika zaidi, nikaona siku mbili zinatosha kupoza hasira. Nikamwachia mchana kweupe, taa imewaka, chungu kiko pale pale. Hata dakika tano hazikufika. Bi Mkubwa alimpokea kama mgeni aliyeingia chumbani bila hodi, na nadhani kwa upande wake ndivyo ilivyokuwa. Nikamrudisha kwenye chujio kwa mkono, jambo ambalo nalo halifai, maana ukimshika unamtoa ute unaokinga ngozi yake.

Alhamisi nikampigia mzee wa Mtwapa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za hao watoto wangu?"

Nikamweleza yote, kuuma, kugonga, chujio. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikamsikia anatafuna kitu, halafu akauliza swali moja tu. "Yule mdogo sasa hivi yuko mdogo kiasi gani?"

Nikataka kujibu haraka, nikajikuta sina jibu. Nikabandika rula kwenye kioo nikiwa bado nimeshika simu. Bi Mkubwa sentimita tisa na robo. Bwana Mdogo nane na nusu. Nikafungua daftari langu la tangi, ukurasa wa mwezi wa kwanza: tisa, na sita na nusu.

"Huyo si mdogo tena," mzee akasema. "Kule chini mimi sijapata kuona nyumba moja ina wakubwa wawili. Umekuwa ukimlisha nini?"

Hapo nikanyamaza, maana jibu lilikuwa mezani mbele yangu, limeoshwa, limelazwa juu ya karatasi ya shashi.

Mwaka huu kaskazi ilipokuwa kali, mwezi wa tatu, nilimtazama Bwana Mdogo nikamwonea huruma. Kila nikimwaga uduvi, Bi Mkubwa anakula mbele, yeye anaokota makombo. Nikamwona mwembamba. Nikatafuta sirinji isiyo na sindano, nikaivisha kipande cha mpira mwembamba, nikawa kila magharibi namlisha peke yake kwenye pembe ya kushoto. Uduvi mbichi wa Marikiti, niliokatakata mwenyewe vipande kama punje za mtama. Akajifunza upesi. Nikikaa tu kwenye kiti, yeye yuko pembeni, mdomo wazi. Niliwaonyesha wageni. Nilijiona bingwa wa kutenda haki.

Usiku ule nilisoma. Peter Buston ndiye aliyelieleza vizuri zaidi, katika Nature, mwaka 2003, baada ya kuwachunguza klauni wa aina ya percula kule Papua New Guinea. Alionyesha kwamba katika kila anemoni wanajipanga kwa ukubwa, na kila mmoja anazuia ukuaji wake mwenyewe ili abaki na pengo kati yake na aliye juu yake. Pengo hilo likipungua, anakuwa mshindani, na mshindani anafukuzwa. Kwa samaki mdogo kama huyu, kufukuzwa kwenye anemoni ni kuliwa na wengine. Basi udogo wa Bwana Mdogo ndio uliokuwa mkataba wake wa nyumba, nami niliuchana kipande kipande, kila magharibi, miezi sita.

Nimekumbuka jambo ambalo sikulifikiria miaka mingi. Mimi ni kitinda mimba. Mama alikuwa na tabia ya kunifichia paja la kuku chini ya kawa, nalila jikoni wengine wakishatoka. Kaka yangu alikuwa akinisubiri uani. Makofi yale niliyachukulia kuwa ni ukatili wake tu, na nimewahi kumwambia hivyo mbele ya watu, kwenye harusi yake mwenyewe. Sijui kwa nini naandika hili hapa. Pengine nitampigia Jumapili.

Narudi kwenye tangi. Wafugaji wengi wanashauri umfungie mchokozi, umwache aliyeonewa atambe kidogo, kisha uwaunganishe. Ushauri huo una mantiki pale ambapo samaki bado wanatafuta vyeo. Kwangu ungekuwa kosa juu ya kosa. Ukimtoa Bi Mkubwa, huyu wa pili yuko peke yake, mkubwa, ameshiba, na mwili wake hauhitaji barua ya uteuzi. Wiki kadhaa zingetosha kuanza safari ya kugeuka. Halafu ningekuwa na majike wawili, na hao hawapatani kamwe. Kwa hiyo mfungwa aliendelea kufungwa. Chakula nikamgawia kidogo, mara moja kwa siku. Sirinji sikuigusa. Bi Mkubwa nikamlisha vizuri asubuhi na jioni, aone kwamba hakuna anayemnyang'anya.

Faida ya chujio ni matundu yake. Wanaonana, wanasikiana, wanagusana hata kwa pumzi, lakini meno hayapiti. Siku za kwanza Bi Mkubwa alikuwa akiligonga chujio kwa kichwa, na Bwana Mdogo anajibu kutoka ndani. Tk. Tk-tk. Ijumaa hivyo hivyo, Jumamosi vilevile. Mimi nimekaa kama askari wa zamu.

Jumapili, karibu saa tatu asubuhi, Bi Mkubwa alikuja akasimama mbele ya matundu, akatandaza mapezi yote, akawa mpana kama feni. Bwana Mdogo alikuwa chini, kwenye kitako cha chujio. Alipanda polepole. Akainama ubavu. Kwanza sikuamini, nikadhani ni mkondo wa maji unamsukuma. Halafu kichwa kikaanza kutikisika, kikafuatwa na mwili, mpaka ule mkia wenye nyuzi nyuzi ukawa unatikisika nao. Bi Mkubwa akakaa pale sekunde tatu, nne, akageuka, akaingia chunguni. Nilipiga kelele, mke wangu akadhani nimepata habari ya msiba.

Sikumwachia. Nilishajifunza Jumatano. Nilingoja mpaka waje warudie, na walirudia jioni ile, na Jumatatu mara nyingi sana. Jumanne nikahamisha chungu upande wa kulia, nikageuza mawe mawili makubwa, ili Bi Mkubwa naye asiwe na uchochoro wa zamani wa kulinda. Nikamlisha akashiba. Saa nne usiku nikazima taa zote, nikasubiri, kisha nikaliinamisha chujio taratibu, bila kumshika. Akatoka kwa kinyumenyume. Nikakaa sakafuni gizani nikisikiliza. Iligonga mara mbili, halafu nikasikia pampu peke yake.

Leo ni siku ya pili. Siwezi kusema wameelewana. Bado Bi Mkubwa anamkimbiza mwenzake, na jana asubuhi alimng'oa gamba jingine. Bwana Mdogo haruhusiwi kuingia chunguni. Analala mchangani nje ya mlango, upande wa nyuma, kama mume aliyechelewa kurudi. Lakini kila akijiwa, anatetemeka, na kila akitetemeka, anaachwa. Ukingoni mwa mkia kumeota utando mwembamba usio na rangi, unaouona ukimtazama kwa upande dhidi ya taa. Nimempa mwezi mmoja. Mambo yakiharibika, mzee amesema nimrudishe kwake, ana tangi tupu.

Magharibi hii nilivuta kiti kama kawaida. Sikuwa na kitu mkononi. Bwana Mdogo akanitambua, akaacha mchanga wake, akaja moja kwa moja mpaka pembe ya kushoto, pua kwenye kioo, mdomo unafunguka na kufumba.

"Baba, anakuita," binti yangu akasema. "Humpi?"

Nikamwambia leo ameshakula. Akanitazama, akamtazama samaki, akaenda zake. Bwana Mdogo alikaa pale kwenye pembe mpaka nilipozima taa.