Baba na binti, tuingie mlango upi?
Jumamosi nilitoka Nairobi kwenda Nakuru na binti yangu wa miaka 4, mama yake yuko kazini. Tulipopita tu Naivasha akaanza kunivuta shati: "Baba, nimebanwa." Nikaingia kituo cha kwanza cha mafuta. Milango miwili: wanaume, wanawake. Kwa wanawake siwezi kuingia. Kwa wanaume, watu wamesimama ukutani wanakojoa, sakafu imelowa, na mtoto amening'ang'ania suruali kwa mikono yote miwili, amefumba macho kama nilivyomwambia. Choo cha ndani hakina komeo. Nikauzuia mlango kwa mguu huku nimembeba juujuu asiguse kitu.

Iliniuma sana, jamani.

Chumba kimoja tu chenye komeo, sinki, na meza ya kubadilishia nepi kingetosha. Kingemfaa pia mama aliye na kijana wa miaka 8, na mzee anayeshikwa mkono na bintiye. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja kabisa haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa.

Mnaojua kituo chenye chumba hicho kwenye barabara hii, niambieni. Jumapili tunarudi.