Soko la chura

Hanoi niliishi miaka sita nikifundisha Kiingereza, chumba cha juu ndani ya kichochoro kimoja cha Đống Đa. Anwani yangu ilikuwa na mikwaju (/) miwili: namba ya kichochoro kikubwa, mkwaju, namba ya kichochoro kilichozaliwa na kile, mkwaju, namba ya nyumba. Ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili.

Pale mdomoni mwa kichochoro, kabla jua halijachomoza, soko lilikuwa limeshajaa. Wavietnamu wanaliita chợ cóc, soko la chura. Wauzaji wamechuchumaa na mabeseni yao chini, na gari la askari wa kata likichungulia, wanaruka. Kufumba na kufumbua hakuna mtu, yamebaki maji ya samaki tu kwenye lami. Askari wakishapita, chura wanarudi.

Jirani yangu wa chini alikuwa bibi mmoja muuza trà đá, chai ya baridi, kwenye viti vifupi vya plastiki ambavyo mtu mrefu kama mimi anakaa magoti yakiwa masikioni. Nilimwita bà, naye akaniita cháu, mjukuu. Kivietinamu huwezi hata kuagiza chai kabla hujaamua wewe ni nani kwa mwenzako: mjukuu, mdogo mtu, shangazi, mjomba. Mtoto wa Tanga hilo halikunitoa jasho.

Zamani bà aliuza mboga kwenye soko kubwa la katikati ya jiji. Masoko kadhaa ya Hanoi yalibomolewa yakajengwa upya kwa mtindo mmoja: Hàng Da, Cửa Nam, Chợ Mơ. Juu maduka ya vioo, na wauza nyama, samaki na mboga wakashushwa chini ya ardhi. Niliwahi kushuka mojawapo. Vigae vinang'aa, taa nyeupe, hakuna tope wala inzi. Wala wateja. Mama mmoja alikuwa amelala kwenye kiti cha kukunja, feni ikimpuliza.

Nilimuuliza bà kwa nini watu waliyakimbia masoko mazuri namna ile. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha. "Nani ashuke kwenye pikipiki?"

Ikanichukua wiki nzima kuuona ukweli wa jibu hilo. Mama wa Hanoi ananunua mboga za siku ile ile, na mara nyingi hateremki. Anasimamisha pikipiki, mguu mmoja chini, injini inanguruma, ananyoosha kidole kwenye fungu la rau muống (mboga ya majini, ukoo mmoja na matembele yetu), anatoa noti, mfuko unaning'inizwa kwenye usukani. Nusu dakika. Na juu ya fungu anarushiwa nyongeza, vijiti viwili vya kitunguu cha majani na pilipili, bure. Sasa mwambie huyo aegeshe, alipie maegesho, ashuke ngazi, apande tena, kwa ajili ya mboga ya kuchemsha. Mchoraji wa ramani alikumbuka kila kitu isipokuwa pikipiki.

Sisemi vichochoro ni pepo. Usiku wa tarehe 12 Septemba 2023, nikiwa nimesharudi nyumbani, jengo la vyumba vya kupanga liliungua ndani ya kichochoro huko Hanoi, watu 56 wakafa. Magari ya zimamoto yalishindwa kuingia. Niliposoma habari ile nilinyoosha mikono pale sebuleni kwangu, nikipima upana.

Nilirudi kutembea mwisho wa 2024. Treni ya juu ya Cát Linh, niliyoiacha ikiwa na mwaka mmoja, sasa imezoeleka, wanafunzi wanasinzia humo. Bà hayupo tena kichochoroni. Mjukuu wake wa kweli amenunua nyumba kwenye mnara, ghorofa ya ishirini na kitu, amemhamishia huko. Nilimkuta dirishani. Upepo mzuri, lifti haijawahi kumkwamisha, bafu ndilo analolisifu zaidi. Majirani wa korido ile hajui awaiteje. Anawaona wakifunga milango tu.

Soko, lakini, limeruka hadi huko. Wakazi wa mnara wana kundi lao la Zalo, programu ya Kivietinamu ya kutumiana ujumbe kwa simu, wanauziana humo: huyu mayai ya kijijini kwao, yule samaki wa kukaanga, mwingine mboga. Mjukuu akaagiza kwa simu. Kabla chai haijapoa, kengele ikalia, mfuko umening'inizwa kwenye kitasa, aliyeuleta ameshaingia kwenye lifti.

Bà akaufungua, akapekua hadi chini ya fungu, akapekua tena.

"Hakuweka kitunguu," akasema.