Ile Tamthilia Haikuanzia Netflix, Dada

La Casa de Papel, ile ya wezi wa ovaroli nyekundu, haikuanzia Netflix. Nalisema mapema kwa sababu saluni kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, jambo hili limeshaleta mabishano ya kutosha. Anayesuka rasta ndogondogo anakaa kitini nusu siku, TV iko mbele yake, na ile N nyekundu ikitokea na mlio wake, kila mtu anaamini kazi ni ya wenye N.

Aliyeirusha kwanza ni Antena 3 ya Uhispania, Mei 2017. Usiku wa kwanza ilipata watazamaji zaidi ya milioni 4, halafu wakawa wanapukutika wiki hadi wiki. Zilikuwa episodi 15, ndefu kweli, kila moja inapita saa nzima. Netflix wakanunua, wakazikatakata zikawa 22 fupi, wakazisambaza duniani na kubandika jina lao. Sizoni walizogharamia wenyewe zilianza Julai 2019, na hizo sina ugomvi nazo. Tena niseme haki: bila wao hadithi ingeishia pale, maana Uhispania walishaifunga. Ila kituo kilichothubutu kutoa hela wakati hakuna anayejua kama itapendwa, hukioni popote kwenye ile picha unayobonyeza.

Na si hiyo tu. Peaky Blinders ni ya BBC, tangu 2013. Lilyhammer, ambayo Netflix walianzia nayo hizi wanazoziita zao, ilionyeshwa kwanza na NRK ya Norwei, Januari 2012.

Wanachonunua mara nyingi ni haki ya kuonyesha peke yao, nchi fulani, kwa muda fulani. Ndiyo maana The Good Place kwa Mmarekani ilikuwa ya kituo cha TV cha NBC, lakini ukiwa nje ya Marekani unaambiwa ni ya Netflix. Mpwa wangu, mpenzi wa mambo ya anga za mbali, alikuwa ananiapia kuwa Star Trek: Discovery ni mali yao. Novemba 2021, siku chache kabla sizoni ya 4 haijaanza, ikaondolewa Netflix, kwa sababu wenye mali, ViacomCBS ya Marekani, waliitaka kwenye huduma yao wenyewe. Mali yako inahamaje kama mpangaji?

Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu wa siku nyingi, hakubaliani nami.

"Dada, aliyenunua mzigo ana haki ya kuufunga kwenye mfuko wake."

"Sawa, Mwalimu. Dagaa wetu wakifika Dar wanafungwa kwenye mfuko wa duka la Dar. Lakini juu ya mfuko wanaandika nini? Dagaa wa Kigoma, kwa herufi kubwa. Wengine wanaandika hivyo hata kwa dagaa ambao Ziwa Tanganyika hawajawahi kulionja!"

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisimvute nywele.

Wanaodai mtazamaji ataikimbia kazi akijua imetoka ugenini, nawakumbusha Doudou na Mama Wakwe Zake. Ilirushwa TBC mwaka 2011, ya Kichina, imetiwa sauti za Kiswahili, na hakuna aliyefichwa ilikotoka. Mama zetu walimsema Doudou na wakwe zake kama wanamsema jirani wa nyumba ya pili, na Uchina wake hivyo hivyo.

Sidai lebo ifutwe. Waache N yao, chini yake waongeze mstari mmoja: Antena 3, Uhispania, 2017. Haiwagharimu kitu.

Kinachonikera zaidi kipo mwisho wa episodi. Majina ya waliofanya kazi yakianza tu kupanda, picha inabanwa pembeni, sekunde zinahesabiwa, episodi nyingine hiyo inaingia. Mimi mikono imejaa mafuta ya nywele, rimoti siwahi. Kwa hiyo nimemkabidhi binti anayejifunza kusuka hapa kwangu. Sekunde zikianza kuhesabiwa, anabonyeza turudi kwenye majina. Hapo ndipo unaliona jina la Atresmedia, wenye Antena 3, na Vancouver Media ya Álex Pina aliyeibuni hadithi. Wateja wanaguna kwamba nawakatia utamu. Wagune tu, rimoti ni yangu.