Siku Nilipozidisha Dawa

Februari 1998 nilikuwa na miezi saba tu mochwari, kwenye hospitali moja ya Dar es Salaam. Mvua za El Niño zilikuwa zimeharibu barabara nyingi, na jua lilipojitokeza baina ya mvua chumba chetu kiligeuka tanuri.

Asubuhi ile tulipokea mwili wa baba wa makamo aliyefariki kwa ugonjwa wa ini. Macho yake yalikuwa ya njano kama binzari, na viganja vilevile. Ndugu zake walitaka kumsafirisha kwa gari hadi Bukoba, zaidi ya kilomita 1,300, na hakuna aliyejua wangekwama siku ngapi njiani. Kaka yake mkubwa alinishika mkono. "Mdogo wangu, tusaidie. Mama amwone mwanawe na amtambue."

Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alikuwa ameitwa ofisini. Nikaanza peke yangu. Nilipasua juu kidogo ya mtulinga, nikautafuta mshipa mkubwa wa shingoni, nikachomeka bomba, kisha nikafungua mshipa wa jirani yake ili damu ipate pa kutokea. Ndoo ya dawa ya kuzuia maiti isioze ilining'inia juu ya meza, na dawa ikashuka yenyewe kupitia mpira. Kwa mtu mzima tulizoea kuchanganya fomalini sehemu moja na maji sehemu tisa. Mimi nilikuwa nawaza matope ya safari na yule mama anayesubiri. Nikaweka fomalini mara mbili.

Mwanzoni nilidhani ni macho yangu, maana mvuke wake unachoma. Nyuma ya masikio palianza kubadilika. Ikafuata shingo, kisha mashavu. Njano ile ilikuwa inageuka kijani mbele yangu, na mimi nimesimama na glovu zangu.

Mzee alipoingia aliisikia harufu kabla hajamtazama marehemu. Akaufunga mpira kwa vidole.

"Hukuiona nyongo, kijana?"

Nilikuwa nimeiona, ila sikujua maana yake. Rangi ya njano ya nyongo ni bilirubini, na fomalini huigeuza kuwa biliverdini, ambayo ni kijani. Kadiri dawa inavyokuwa kali ndivyo kijani kinavyokolea, na hakirudi nyuma. Mtu wa namna ile huoshwa kwanza kwa ndani: maji mengi yapite mishipani, damu itoke mpaka ipauke, ndipo dawa nyepesi ifuate polepole. "Kali ipeleke tumboni," Mzee alisema, "ndiko kuoza kunakoanzia. Uso upe dawa ya upole." Nami nilikuwa nimefanya kinyume kabisa.

Tulihangaika na poda mpaka alasiri. Mzee alichanganya ya kahawia na nyekundu kidogo, maana nyekundu huua kijani. Mashavu yakakubali, masikio yakakataa.

Mjane alikuja jioni. Alisimama kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mbona amekuwa hivi?"

Niliinamisha kichwa. Mzee ndiye aliyejibu. "Pole sana, mama. Ni dawa. Tuliizidisha."

Tuliizidisha. Yeye hata ndoo hakuigusa. Yule mama aliweka kiganja kwenye paji la uso la mumewe, kisha akavua khanga aliyojitanda na kumzungushia kichwani, akaziba masikio yote mawili. "Mkwe wangu asipaone hapa," alisema.

Usiku, tukiosha vyombo, Mzee alizungumza kuliko miezi saba yote. Bikizee wa miaka themanini, alisema, mishipa yake ya kinena mara nyingi imekauka na kuziba. Upapase kwa kidole kabla ya kuchomeka bomba, na ukiona mgumu nenda shingoni. Aliyefanyiwa upasuaji wa maiti njia zake zimekatwa, kwa hiyo dawa huingizwa sehemu sita: shingoni, makwapani na kwenye kinena, kila upande. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa Kilwa, na kwao maiti huoshwa na kuzikwa mapema, bila dawa yoyote. Sijasahau kwamba aliwahangaikia wafu wa watu wengine kiasi kile.

Kesho yake akaletwa mtoto wa miezi miwili, wa kupelekwa Rombo. Mzee aliweka chupa ya fomalini mbele yangu. "Changanya wewe."

Nilipima mara tatu. Dawa yote haikuzidi nusu lita, nyepesi, na ndoo hatukuitundika, kwa kuwa mwili mdogo namna ile ukisukumwa kwa nguvu uso huvimba. Nilitumia sindano ya mkono, kupitia mshipa mkubwa wa tumboni. Nasukuma kidogo, naacha, naangalia mashavu. Nasukuma tena. Katikati nilizikanda nyayo zake kwa sabuni mpaka kucha zikaacha ubuluu.

Mzee alisogeza meza karibu na dirisha, akamtazama mtoto kwa mwanga wa mchana. Hakusema kitu. Alifungua kifurushi cha nguo kilicholetwa na baba mtu, akanipa soksi nimvalishe.