Siku moja maishani mwangu: kulinyamazisha Land Cruiser la watalii

Saa 12:20 asubuhi

Mteja wa leo amenikuta nikihangaika na kufuli la geti. Ni dereva wa watalii, mtu mzima, amekaa barabarani miaka mingi kuliko niliyokaa mimi gereji. Nimemwamkia, akaitikia, na hapohapo akaanza: "Fundi, hili gari linanimaliza koo."

Gari lenyewe ni Land Cruiser, zile zinazokatwa na kurefushwa bodi hapahapa Arusha. Lina paa la kufunuka, siti saba za wageni, na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na turbo. Ni injini inayovumilia kila kitu, lakini kunong'ona haijafundishwa. Mzee anasema akifika Karatu sauti imeshakauka, na hapo hata geti la Ngorongoro hajaliona. Mgeni wa siti ya nyuma anauliza jina la ndege, anatajiwa mara tatu, mwisho anatikisa kichwa kwa adabu tu.

Amekuja na vifaa vyake. Maboksi mawili ya mikeka ya butili, raba ya kunata ya kunyamazisha bati, aliyoletewa na ndugu yake kutoka Dubai, na mzingo wa utepe mweusi wa lami, ule wa kuzibia paa la nyumba linalovuja. "Wamesema bandika kila mahali, bati lisionekane." Wateja wangu wote wana mshauri mmoja, na jina lake ni Wamesema.

Kabla ya kugusa bolti hata moja, twende barabarani. Tumetoka hadi Kisongo na kurudi, mwendo 80, vioo juu, simu ya dogo, kijana wangu wa gereji, ikiwa imewekwa kwenye siti ya katikati ikipima desibeli, yaani ukubwa wa kelele. Simu si kipimo cha kuapia, ni cha kulinganisha tu: simu ileile, siti ileile, kipande kilekile cha barabara. Imesoma 79. Mimi nilikuwa nahama siti na chaki mkononi. Mbele, ngurumo inakuja kwenye miguu ya dereva na kuzunguka mkono wa gia. Katikati, sakafu inaimba. Nyuma, kokoto zinapiga matao ya tairi kama mahindi kwenye kikaango, na mlango wa nyuma una mchezo wake. Kila nilipoona kosa nimeweka alama.

Saa 1:45 asubuhi

Siti zote nje, kapeti nje. Bolti za kila siti naziweka kwenye kopo lake na kuandika namba. Dogo huniona nina kasumba, lakini yeye hajawahi kuulizwa na mwenye gari "hizi mbili ni za wapi?" saa moja usiku.

Chini ya kapeti kulikuwa na tabaka la mabaki ya nguo zilizogandamizwa, lile la kahawia. Likiwa kavu ni zuri, linameza sauti ya hewani vizuri sana. Hili lilikuwa limelowa. Nimelikamua kwa mkono mmoja, maji yakatoka yana rangi ya chai. Raba ya paa la kufunuka imechoka, mvua inateremka nguzoni na kukaa sakafuni, na chini yake kutu imeshachora ramani ukubwa wa sahani mbili. Mzee ameinama, ametazama, hakusema neno.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wana mkeka mpya, wana haraka, wanabandika juu ya kutu. Ukibandika juu ya kutu umeshika kutu, gari hujalishika. Siku kutu ikibanduka inaondoka na mkeka wako.

Saa 3:15 asubuhi

Msasa, dawa ya kutu, praima. Kusubiri ikauke. Halafu spiriti kwenye kitambaa cheupe, bati zima, mpaka kitambaa kirudi cheupe. Dogo alitaka kutumia petroli. Petroli inaacha mafuta, na gundi haipendi mafuta. Sina zaidi la kusema kuhusu kusafisha, inachosha kuisimulia kama inavyochosha kuifanya.

Saa 4:50 asubuhi

Sasa kazi yenyewe. Nimeanza kwa kugonga. Unakunja kidole, unagonga bati kwa kifundo. Sehemu iliyopinda au yenye mfereji inajibu kifupi, ina ugumu wake tayari. Sehemu pana iliyo bapa inajibu "taaang" na kuendelea kulia baada ya kidole kuondoka. Hiyo ndiyo inayotaka mkeka.

Nimebandika kipande kimoja katikati ya ubavu wa kushoto, wa kulia nikauacha, nikamwambia mzee agonge. Kulia: taaang. Kushoto: dup. Amegonga tena, na tena, akahamia sakafuni, akarudi ubavuni, ameweka sikio kama anayechagua tikiti maji soko la Kilombero. Kisha akauliza swali nililokuwa nalingoja: kama kipande kimoja kimenyamazisha bati lote, maboksi mawili ya nini?

Ndivyo ilivyo. Bati bapa ukilifunika robo yake, au theluthi ukipenda, umeshapata sehemu kubwa ya faida. Butili ni raba laini, nzito, yenye kunata, na juu yake kuna ngozi ya alumini. Bati likitaka kutikisika, raba inavutwa kati ya bati na ile alumini, na nguvu ya mtetemo inaishia humo kama joto kidogo ambalo hata mkono hauwezi kulihisi. Ndiyo maana alumini nyembamba kama ya kufungia chapati haifai. Ikiwa haina ukakamavu, raba haina cha kuvutana nacho. Ukiujaza mkeka bati zima unaongeza uzito zaidi ya unavyoongeza ukimya.

Na ule utepe wa lami? Nimemsimulia kisa changu. Mwaka wangu wa pili gereji nilibandika lami kwenye paa la gari la saluni la mteja, kwa ndani, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Jua la Januari likalipata gari limeegeshwa mchana. Lami ikalainika, ikaachia, ikalalia kitambaa cha paa, kitambaa kikashuka, na doa jeusi likampata mwenye gari begani, Ijumaa, akiwa na kanzu nyeupe anakwenda msikitini. Kanzu niliilipa mimi. Bati la paa lililoanikwa linakuwa moto kiasi cha kuunguza kiganja, na lami haikuumbwa kwa joto hilo ikiwa inaning'inia kichwa chini. Mzee amecheka sana, kisha akaupeleka utepe wake mbele kwenye dashibodi. Anasema jiko la mama yake Usa River linavuja.

Asubuhi ya Arusha ina baridi na butili ikipoa inakuwa ngumu, kwa hiyo mikeka tumeianika kwenye boneti kwanza. Kata kwa kisu, menya karatasi, bandika, halafu rola. Rola ndiyo kazi. Alumini ina nakshi ndogondogo zilizoinuka. Unasukuma rola mpaka nakshi zilale kabisa. Pale ambapo bado zimeinuka kuna hewa chini, na penye hewa hakuna kazi iliyofanyika. Vidole vyangu vitatu vimechanjwa na kingo za alumini kabla ya saa sita, pamoja na kwamba nina glavu. Zilikuwa kwenye mfuko wa koti.

Saa 7:00 mchana

Makande kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara. Mzee ameuliza kati ya vijiko viwili: "Sasa injini nayo itanyamaza?"

Hapana, shikamoo yangu umeipokea asubuhi na sitakudanganya. Mkeka unalinyamazisha bati. Kelele nyingi za injini zinakuja kwa hewa, na sauti ya hewa inazuiwa na uzito usio na tundu. Kwa hiyo sakafu ya mbele na ukuta wa injini vinapata tabaka jingine: kwanza sponji lisilonywa maji, lile la jamii ya kandambili, halafu juu yake vinaili nzito, kilo tano hivi kwa mita moja ya mraba. Sponji linaitenga vinaili na bati, isiambukizwe mtetemo. Sponji la godoro usilete kabisa humu, hilo linakunywa maji na halirudishi.

Tumepiga hesabu ya uzito kwenye meza ya mama lishe. Mikeka 12, kila mmoja sentimita 46 kwa 80, unene milimita 2, ni kilo 15 hivi. Vinaili mita nne za mraba, kilo 20. Jumla 35. Mzee amehesabu kwa lugha yake: mabegi mawili na kitu ya wageni wa ndege ndogo, maana wale hupewa kilo 15 kila mmoja. Ameridhika.

Saa 8:20 mchana

Hapa ndipo siku ilipogeuka. Nimelala chali chini ya dashibodi, dogo ameweka tochi upande wa injini, tumefunika vioo kwa turubai. Nimeona mwanga. Tundu la vidole vitatu, lilitobolewa zamani kupitisha waya wa redio ya mawasiliano, raba haikuwekwa. Pembeni ya mkono wa gia kulikuwa na mwanga mwingine: raba ya gia imechanika nusu mzunguko.

Panapopita mwanga kelele inapita, na joto, na harufu ya dizeli. Unaweza kutandika vinaili ya bei ya ng'ombe, ukiacha tundu la ngumi ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Nimeweka raba ya kupitishia waya, nimebadilisha raba ya gia, ndipo nikatandika vinaili na kuunganisha kingo zake kwa utepe. Naamini vile vipande viwili vya raba vimefanya kazi kuliko boksi zima la Dubai, lakini jaribu kumtoza mteja kwa kumwambia umeziba tundu.

Saa 9:45 alasiri

Milango. Dogo nilimwachia wa kushoto, ameifanya kazi safi ya kupiga picha, na ameziba matundu yote ya chini. Yale matundu ni ya kutoa maji. Mvua inapita kwenye kioo, inashuka ndani ya mlango, inatokea chini. Ukiyaziba umetengeneza ndoo, na ndoo ya bati huoza. Tumeyafungua kwa ncha ya kisu, moja moja, kisha nikamwambia apandishe na kushusha kioo mara kumi kabla ya kurudisha nailoni na jalada. Kwenye mara ya nne kioo kilikwaruza kona ya mkeka. Bora kimekwaruza mlango ukiwa wazi.

Saa 11:00 jioni

Kurudisha. Chini ya miguu ya siti sikuweka kitu: chuma kwa chuma, bolti ikaze. Siti inayokaa juu ya raba italegea yenyewe kwenye ile njia ya kwenda Naabi, geti la Serengeti, yenye vituta vilivyopangana kama migongo ya bati. Matao ya tairi yamepata mikeka kamili, pale tu sikubana matumizi. Mlango wa nyuma umepata raba mpya, na komeo nimelisogeza milimita mbili ndani. Kopo la siti namba tano limebaki na washa moja, kile kipete cha chini ya bolti. Nimeitafuta mahali pake nusu saa. Sikupata. Nimemwonyesha mzee.

Saa 12:15 jioni

Kisongo tena. Mwendo 80, simu ileile, siti ileile: 75. Desibeli nne kwenye karatasi ni kidogo, na nilimwambia mapema asitegemee gari la harusi. Lakini ile "ooong" ya sakafu haipo, kokoto zimekuwa mbali, na mzee ameanza kumweleza dogo wa siti ya nyuma kabisa habari za kongoni kwa sauti ya mezani, na dogo anamjibu kwa maswali ya kweli.

Tulipovuka kiwanja cha ndege mzee akanyamaza. Nami nilikuwa nimeshaisikia. "Wuuuu" nyembamba, inapanda na mwendo, inashuka na mwendo.

"Fundi, hii umeileta wewe?"

"Ilikuwepo, mzee. Ilikuwa chini ya zile nyingine."

Nikamwomba ayumbishe usukani kidogo, barabara ikiwa tupu. Kulia, mlio ukapungua. Kushoto, gari likaegemea kulia, mlio ukapanda. Beringi ya kulia, na kwa sikio langu ni ya nyuma. Kesho saa 11 alfajiri ana wageni wanne wa kupeleka Serengeti.

Tumerudi polepole. Fundi wa miguu ya magari, jirani yangu, alikuwa anafunga banda, mzee amemwita kwa jina la mwanawe wa kwanza ili asiweze kukataa, na sasa naandika haya nikiwa nimewashikia taa. Dogo anafagia vipande vya alumini. Boksi moja halijafunguliwa, na la pili limebaki na mikeka sita, maana mingine ya matao nilikuwa nayo mimi. Mzee amesema nimwekee, ana shemeji mwenye Noah.